Kupima Ubishi wa Amplifaya ya Sista Domitila

Waliokuwepo karakanani asubuhi ile, pale Chang'ombe, nawataja mmoja mmoja ili msije mkanichanganyia watu. Alikuwepo Mzee Rajabu Mbonde, mwenye karakana, aliyemuoa dada yangu mkubwa Mwanahamisi. Kwa hiyo kwangu ni shemeji, ingawa kazini alikuwa bwana mkubwa na mie mtumwa wa koili. Alikuwepo Pius Nchimbwa, Mmakonde wa Newala, jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyechonga vinyago ujana wake wote kabla ya kuhamia kwenye redio. Alikuwepo Sista Domitila, nesi mkunga wa zahanati ya misheni huko mbele ya Kigamboni, ambaye hakuwa na udugu na yeyote kati yetu ila alishakuja mara nyingi mpaka anajua sukari inakaa wapi. Na mie, Tatu binti Shomari, msokota koili, zile nyaya za kuzungushwa duara kwa duara ndani ya redio. Mwingine hakuwepo lakini ndiye aliyetukalia vichwani: Mwanaidi, mke wa mkwezi mmoja wa minazi kijijini kwa Sista, mimba imeshatimia. Sikuwahi kumtia machoni, na kila tulichokifanya siku ile tulikifanya kwa ajili yake.

Nyie wajukuu mnaosomea ufundi wa redio ndio mlioniambia, bibi andika. Haya, naandika. Macho yamechoka, mgongo ndio usiseme, na shule yangu mnaijua: darasa la nne, mengine nikamalizia kisomo cha watu wazima. Msitafute humu hesabu za kwenye vitabu vyenu.

Kwanza kitu chenyewe. Nyie mnaita impidensi. Sie pale karakanani tuliita ubishi. Kila mlango wa umeme wa mawimbi una ubishi wake. Unapoingiza nguvu kwenye amplifaya, mlango wa kuingilia unabisha kwa kiasi fulani. Na nguvu inapotoka kwenda kwenye erio, yaani antena, mlango wa kutokea nao una kiasi chake. Ubishi wa pande mbili zinazokutana ukilingana, nguvu inapita kama mgeni aliyepigiwa hodi akakaribishwa. Usipolingana, nguvu inagonga, inarudi ilikotoka, na ikirudi ina hasira. Ndiyo maana unapima kabla hujasokota koili ya kupatanisha. Usipopima unabahatisha, na kubahatisha kunakula vyuma.

Mie kusokota nilijifunza kiwandani. Nilikaa na akina mama wenzangu kwenye benchi refu, Somoe wa Tandika, Hadija Mkopi, Agnesi aliyekuwa anaimba kwaya hata akiwa amekasirika, tunasokota koili za redio za hapa hapa nchini. Halafu ikaja miaka ile ya kila kitu ruksa. Redio zikaingia kwa makontena, nzuri kuliko zetu, zinang'aa. Tukaambiwa kiwanda kinapunguza watu, kisha kinafungwa. Nikarudi nyumbani na vidole vyangu tu. Dada akamwambia mumewe, "Huyu mtafutie kazi, ameanza kunipangia vyombo vyangu." Ndivyo nilivyoingia karakanani.

Makontena yale yale yaliyotufukuza ndiyo yakatulisha. Yalileta mitumba ya kila aina: redio za teksi za Ulaya, redio za meli, amplifaya ambazo hazina karatasi wala mwenyewe. Watu wa misheni, wenye malori, wenye mashamba ya mbali ambako waya wa simu haujafika, wote walitaka redio koli, ile ya kubonyeza kitufe ndipo useme. Na ikiungua, wanakuja kwa Mzee Rajabu.

Mambo ya watu kukosea yalikuwa mengi na mengine yanachekesha. Palikuwa na fundi wa ng'ambo ya barabara, Seifu Kibwana, kijana mtanashati. Ili upime amplifaya bila kupiga kelele hewani, unaifunga kwenye mzigo wa uongo, yaani kitu kinachobisha sawasawa na erio lakini kinaigeuza nguvu kuwa joto tu. Erio zetu zilitaka ubishi wa omu hamsini. Seifu akachukua waya wa jiko la umeme, akaukata mpaka mita inasoma hamsini, akaukunja vizuri duara kwa duara, akaja kutuonyesha.

"Bi Tatu, wewe msokota koili, nipe maksi."

Nikamwambia, "Umesokota kunishinda. Ndiyo shida yenyewe."

Maana waya ukiuzungusha vile, kwa mita ya betri ni hamsini, lakini kwa mawimbi ni koili, ina ubishi mwingine kabisa. Shemeji akamcheka mpaka akashika ukuta, kisha akamfundisha: mzigo wa uongo unatengenezwa kwa rezista za kaboni, nyingi, zilizofungwa bega kwa bega, ukazitumbukiza kwenye kopo la mafuta zisiungue. Sie tulitumia mafuta ya kupikia. Ukipima muda mrefu karakana nzima inanukia, na Pius hakosi kuuliza, "Leo tunakaanga nini? Mihogo au kalimati?"

Sasa amplifaya ya Sista. Ilikuwa ya mtumba, imeungua transista zake zote mbili za kutolea nguvu. Za aina ile hazikuwepo Kariakoo nzima. Pius alizunguka mpaka viatu vikalalamika. Tulichopata ni mbili za aina nyingine, zilizochomolewa kwenye redio ya meli. Mbili hizo hizo, hakuna za akiba. Na kwa kuwa ni aina nyingine, ubishi wake si ule wa mwanzo, kuingilia wala kutokea. Lazima upime upya, usokote upya.

Sista Domitila alikuwa ameketi kwenye benchi tangu asubuhi, mkoba mapajani.

"Mzee Rajabu, nikuambie ukweli. Mwanaidi uzazi uliopita alipoteza mtoto, na yeye mwenyewe alibaki kidogo afe. Nilikuwa na redio mbovu siku ile. Niliita boti ya mjini mpaka koo likakauka."

"Sista, leo utaondoka nayo."

"Nisiondoke nayo tu. Iseme."

Tukaanza na mlango wa kuingilia. Njia yetu ilikuwa njia ya nusu. Unachukua mashine ndogo ya kutoa mawimbi, unaitazama kwa mita inasukuma kiasi gani. Kati ya mashine na mlango wa amplifaya unaweka kinobu cha sauti kilichotoka kwenye redio mbovu, kile cha kaboni. Kinobu kikiwa sifuri, unasoma mshale mlangoni. Halafu unakizungusha taratibu, mshale unashuka, mpaka ufike nusu ya pale ulipokuwa. Simama. Kama ni nusu, maana yake kinobu na mlango vinabisha sawa, wamegawana nusu kwa nusu kama ndugu wanaopendana. Unakichomoa kinobu bila kuuzungusha mkia wake, unakipima peke yake kwa mita ya kawaida. Hicho ndicho kiasi cha ubishi wa mlango. Kwa mtu wa darasa la nne, hii ni njia tamu.

Mshale wenyewe hauwezi kusoma mawimbi moja kwa moja. Shemeji alitengeneza kichokonoo cha daiodi ndani ya ganda la kalamu, cha kuyageuza mawimbi yawe umeme ambao mshale unausoma. Na vile vikapasita vya kurekebisha, usivizungushe kwa bisibisi ya chuma. Ukiikaribisha, kipimo kinahama; ukiitoa, kinarudi, unabaki kujiona mchawi. Pius alituchongea bisibisi za mpingo, nyembamba kama njiti ya kuchokolea meno, na kichwa cha kila moja alikichonga kobe. Aliniambia, "Dada Tatu, kinyago ukikikosea kinanyamaza. Redio inakuzomea mbele ya mteja. Bora niipe kobe, itulie."

Kuingilia kukaenda vizuri. Nikasokota koili ya kupatanisha, Pius akaipeleka sawa kwa kobe wake, shemeji akaguna, na kuguna kwake ndiyo pongezi. Tukaweka nguvu kwenye amplifaya, mzigo wa uongo umefungwa kule kutokea, mshale ukapanda. Sista akafanya ishara ya msalaba.

Hapo ndipo pa kuwaambia nyie. Njia ya nusu, kwenye mlango wa kutokea wa amplifaya kubwa, usiitumie. Maana nusu inakutaka kwanza uujue mshale ukiwa mlango wazi, hauna mzigo. Na amplifaya ya nguvu haiachwi mlango wazi ikiwa inasukuma. Nguvu ikikosa pa kwenda inamrudia aliyeituma. Huwezi kumpima hamali kwa kumnyang'anya gunia ghafla akiwa anapanda ngazi, ataanguka. Shemeji alijua. Ndiye aliyetufundisha, alituimbisha kama watoto wa chuo wanavyoimba alifu. Sikuwahi kumwona akisahau.

Lakini Sista alikuwa amesimama. Alitazama nje, akasema pantoni haimsubiri, halafu na lori la upande wa pili linaondoka likijaa. Shemeji jasho linamtoka. Mkono wake ukaenda kwenye plagi ya kopo la mafuta, akaanza kuifungua, nguvu ingali inasukuma.

"Shemeji—"

Sikumaliza. Hapakuwa na mlipuko. Palikuwa na sauti ndogo, kama punje ya dengu kwenye kikaango, kisha fyuzi ikakatika. Harufu ikaja, na safari hii haikuwa ya mafuta ya kupikia.

Shemeji alikaa ameshika plagi mkononi kama mtu aliyeng'oa jino la mtoto wa watu, zima.

"Imekufa?" Sista akauliza.

Pius akainama, akapima. "Moja imekufa."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni mjane."

Sista hakucheka. Mie pia sikucheka, ingawa siku nyingine ningecheka.

Shemeji akasema, bila kumwangalia, "Sista, niachie. Nitatafuta nyingine."

"Utaipata lini?"

"Sijui."

"Mwanaidi naye hajui lini. Hiyo moja haiwezi kusema?"

"Itasema nusu."

"Basi nipe nusu. Mwaka jana nilikuwa na kimya."

Akakaa tena kwenye benchi, akauweka mkoba chini. Pantoni ya mchana ikaenda zake.

Mnadhani kutoa moja ni kukata waya tu. Sivyo. Transista mbili zikibeba bega kwa bega, ubishi wao wa pamoja ni mdogo. Ukitoa moja, ubishi wa aliyebaki unapanda, mbele na nyuma. Koili yangu niliyoisokota asubuhi ikawa haina maana. Nikaifumua. Waya ule ule nikaunyoosha kwa kuuvuta kwenye kitasa cha mlango, maana mpya hatukuwa nao, nikaanza kusokota upya. Vidole vilishachoka. Kazi ya kufumua inachosha kuliko kusokota, hata kwenye ukili wa mikeka ni hivyo.

Kuingilia tukarudia kwa njia ya nusu. Kutokea tukafanya inavyotakiwa, kwa mizigo miwili. Kopo la kwanza la hamsini. Kopo la pili tukalitengeneza zito kidogo tu kuliko la kwanza, yaani linabisha pungufu na linavuta nguvu zaidi. Unasoma mshale na la kwanza. Unazima. Unabadilisha. Unawasha. Unasoma na la pili. Mshale ukishuka sana, mlango unabisha sana. Ukishuka kidogo, mlango ni mwepesi. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayokuambia kiasi. Shemeji alipiga hesabu kwa chaki juu ya meza, na kila mara kabla ya kugusa plagi alisema kwa sauti, "Zima," akangoja tumjibu, "Imezimwa." Pius alijibu. Mie nilijibu. Mwisho hata Sista akawa anajibu kutoka kwenye benchi.

Alasiri amplifaya ikatulia. Nguvu nusu, lakini inapita yote, hairudi hata chembe. Sista akaifunga kwenye kanga, akaibeba kifuani.

Nilidhani yameisha. Shemeji hakudhani hivyo. Akatoa redio ya kusikilizia, akaitega kwenye mawimbi ya misheni, akaiunganisha na betri ya gari, maana siku hizo umeme ulikuwa wa mgao. Akakaa nayo. Wateja wanakuja, anatengeneza huku sikio liko kule. Chakula kinaletwa, anakula sikio liko kule. Dada yangu Mwanahamisi akaja karakanani mikono kiunoni.

"Baba Asha, umeongeza mke?"

"Nyamaza, mke wangu, kuna mtu anaweza kusema."

"Mie nasema tangu juzi, mbona hunisikii?"

Nilimchoka na mie. Mtu akikaa na kosa lake siku nzima, wote mnaokaa naye mnalibeba. Nikamwambia, shemeji, kosa limepita. Akanijibu, "Halijapita, shemeji. Halijatumika bado." Sikumwelewa.

Ikaja siku moja kabla ya adhuhuri. Sauti nyembamba, kama mtu anaongea akiwa ndani ya mtungi. "Mjini, mjini, hapa zahanati. Mjini, nijibu." Ni Sista Domitila. Tukangoja mjini wajibu. Kimya. Akarudia. Kimya. Si kosa la watu wa mjini. Umeme ulikuwa umekatwa na kila duka huko kwao limewasha jenereta, na kelele za jenereta zinameza sauti ndogo. Kwa nguvu ya transista mbili angepenya. Kwa mjane, hapenyi.

Sie tulimsikia. Lakini redio yetu ilikuwa ya kusikilizia tu. Tulikuwa na masikio, mdomo hatuna.

"Mjini, Mwanaidi anatoka damu. Nahitaji boti na daktari. Mjini."

Shemeji alikuwa amesimama, anaiambia redio, "Tumekusikia, Sista. Tumekusikia, mwanangu." Anaiambia redio isiyo na kitufe! Nikakimbilia duka la mbao kupiga simu. Simu ilikuwa imekufa. Niliporudi Pius ameshatoa baiskeli.

"Niseme nini huko?"

"Sema zahanati ya Sista Domitila, damu, boti, daktari," shemeji akasema. "Na sema tumesikia kwa masikio yetu, wasikuulize wewe nani."

"Wataniuliza tu. Mmakonde akikimbia mjini lazima aulizwe."

Akaondoka. Mwendo wa kutoka Chang'ombe mpaka Feri, walipo watu wa boti, kwa baiskeli, jua la utosini, mnaujua.

Tukabaki. Sista aliendelea kuita, kila mara sauti inapungua, nadhani betri yake ilikuwa inaisha. Kisha akaacha. Hilo ndilo lilikuwa baya, pale alipoacha. Shemeji aliketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti. Nilimwekea chai, ikapoa. Sikujua dua gani ya kusoma kwa ajili ya transista, nikasoma zote nilizonazo.

Halafu redio ikanguruma, sauti kubwa, ya mjini: "Zahanati, zahanati. Boti imetoka. Daktari yumo. Sista, kama unasikia, boti imetoka."

Shemeji hakuinuka. Alifunika uso kwa mikono miwili tu.

Jua likiwa limeinama Pius amesharudi, ameegesha baiskeli, anajimwagia maji kichwani, ndipo sauti nyembamba ikaja tena. Sista hakuita mjini safari hii. Alibonyeza kitufe na hakusema neno. Kilichosikika ni kichanga kinalia. Kilio chembamba, kimechujwa na bahari na minazi na paa zote za Temeke, kikapita kwenye koili yangu na transista ile moja, kikaingia karakanani. Kisha kitufe kikaachiwa.

Mama alipona. Hilo Sista alitueleza mwenyewe alipokuja kuchukua transista ya pili, ambayo shemeji aliipata baadaye kwa wauza vyuma vya meli.

Sasa nimechoka kuandika. Shemeji na Pius wote wametangulia, nimebaki peke yangu na majina. Kama nimemzeesha mtu au nimempa kabila si lake, nisahihisheni, watoto wao wapo. Kama njia ya mizigo miwili nimeipindua, nyie wasomi inyoosheni. Na mtoto yule: mie nakumbuka Sista akisema ni wa kike. Pius alishikilia ni wa kiume mpaka anakwenda kuzikwa Newala, na kila tukibishana shemeji anatuambia sauti ya kichanga haina jinsia, acheni. Huenda Pius alikuwa sawa. Kuna mtu huko ng'ambo, mtu mzima sasa, anayejua jibu bila hata kufikiri. Kama maandishi haya yatamfikia, aje aniambie mie nimekosea.